Simu na mwili wako: jinsi ya kupunguza mionzi inayoingia kwenye tishu, hatua kwa hatua

Kiswaswadu kinachopiga simu kwa 2G kinaweza kumwaga nishati nyingi zaidi kichwani mwako kuliko simu janja ya bei kubwa. Na ule mnara ulio jirani na nyumba yako, ambao baadhi ya watu wanataka uhamishwe, mara nyingi ndio unaoifanya simu yako itoe mionzi kidogo. Simu hujipimia nguvu ya kurusha kulingana na inavyousikia mnara: ikiusikia vizuri hunong'ona, ikiusikia kwa shida hupiga kelele. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo moja.

Kinachotokea ndani ya nyama

Simu ni redio inayopokea na kurusha. Hutumia mawimbi ya kati ya megahezi 700 na 3,500 hivi. Mawimbi haya si ya jamii moja na eksirei. Ili kung'oa elektroni kwenye atomu za mwili, fotoni moja, yaani chembe moja ya nishati ya wimbi, inahitaji nishati ya elektrovolti 10 hivi (elektrovolti ni kipimo kidogo sana cha nishati). Fotoni ya megahezi 900 ina elektrovolti 0.0000037. Hata zikija fotoni nyingi namna gani, hakuna moja inayoweza kukata DNA kama eksirei inavyoweza.

Zinachofanya ni kuzitikisa molekuli za maji na chumvi zilizo ndani ya tishu, na mtikisiko huo huzaa joto. Ndiyo maana tishu zenye maji mengi, yaani misuli, ubongo, ngozi na macho, hunyonya zaidi, huku mafuta na mifupa vikinyonya kidogo. Mawimbi ya megahezi 900 huingia sentimita chache tu kabla ya kufifia. Ya masafa ya juu zaidi, kama gigahezi 26 zinazotumika kwa 5G katika baadhi ya nchi, hayapiti milimita moja ya ngozi.

Kiasi kinachonyonywa hupimwa kwa wati kwa kila kilo ya tishu, na kipimo hicho huandikwa SAR. Kikomo cha kimataifa kwa kichwa na kiwiliwili ni wati 2 kwa kilo, kwa wastani wa gramu 10 za tishu. Kwa mikono na miguu ni 4. Marekani hutumia 1.6 kwa wastani wa gramu 1. Kwa mwili mzima kikomo cha umma ni 0.08. Namba hiyo ilipatikana hivi: madhara yaliyothibitika yalianza kuonekana pale mwili mzima ulipopokea wati 4 kwa kilo, kiasi cha kupandisha joto la ndani kwa takriban nyuzi 1, kisha namba hiyo ikagawanywa kwa 50.

Wati 2 kwa kilo ni joto la kiasi gani? Piga hesabu. Kwa dakika 6, ambazo ni sekunde 360, kila kilo hupokea jouli 720. Tishu inahitaji jouli 3,500 hivi kwa kilo ili ipande nyuzi 1. Kwa hiyo hata kama damu isingepita kabisa, sehemu hiyo ingepanda nyuzi 0.2. Na damu inapita: ubongo wenyewe huzalisha wati 20 hivi ndani ya kilo 1.4, yaani wati 14 kwa kila kilo, na damu huliondoa joto lote hilo mchana na usiku. Sehemu za kuangaliwa zaidi ni zile ambazo damu haizipoozi vizuri. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu kabisa, na korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na joto la chini kuliko mwili. Katika majaribio ya sungura, mtoto wa jicho ulitokea pale jicho lilipopokea zaidi ya wati 100 kwa kilo kwa muda mrefu, ambayo ni zaidi ya mara 50 ya kikomo cha simu.

Hatua ya 1: Ijue simu uliyonayo

Piga *#07#. Kwenye simu nyingi janja utaletewa namba za SAR au ukurasa wa kuzitafuta: moja ya kichwa, nyingine ya mwili. Ikishindikana, angalia karatasi iliyokuja ndani ya boksi, au ingia kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za kisheria.

Zisome namba hizo kwa uangalifu, maana watu wengi hudanganyika hapa. SAR inayoandikwa ni ile iliyopimwa maabara simu ikirusha kwa nguvu zake zote. Simu yenye 0.6 inayotumika kwenye chumba kisicho na mtandao inaweza kukupa mionzi mingi kuliko simu yenye 1.2 inayotumika barazani. Usinunue simu kwa kulinganisha namba hizi peke yake. Jambo la pili: namba ya mwili hupimwa simu ikiwa imetenganishwa na mwili, mara nyingi milimita 5. Simu iliyobanwa kwenye ngozi haimo katika kipimo hicho, na hii ni sababu ya kutosha ya kuiacha kava yake ya plastiki au ngozi. Kava yenye bamba la chuma au sumaku kubwa nyuma ni jambo jingine, kwa sababu chuma huvuruga antena na simu hulazimika kuongeza nguvu.

Vipimo rasmi vina maana kwa sababu kuna wanaovirudia. Septemba 2023 mamlaka ya masafa ya Ufaransa, ANFR, iliipima iPhone 12 ikiwa imegusana na mkono na kupata 5.74 badala ya kikomo cha 4. Mauzo yalisimamishwa nchini humo hadi Apple iliporekebisha programu. Simu feki haina anayeirudia. Namba iliyobandikwa kwenye boksi lake haitokani na kipimo chochote. Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, uilinganishe na ya kwenye boksi. Zisipofanana, au simu ikionyesha sifuri tupu, iache dukani. Kenya ilizizima simu feki mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania ikafuata Juni 2016.

Hatua ya 2: Pima mtandao wa nyumba yako kwa namba

Vile vijiti juu ya skrini havitoshi, kwa sababu kila mtengenezaji huvichora anavyotaka. Kwenye Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, kisha utafute nguvu ya mawimbi. Njia hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini unachotafuta ni namba yenye alama ya kutoa mbele na herufi dBm nyuma, ambazo ni kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Kwa iPhone piga *3001#12345#*.

Namba ikiwa karibu na sifuri ndiyo nzuri. Kwa 4G, kutoka hasi 85 kupanda ni mtandao mzuri. Kati ya hasi 85 na hasi 100 unatosha. Ukishuka hasi 110, simu inarusha kwa nguvu zote au karibu zote. Kila desibeli 10 ni mara kumi, kwa hiyo kutoka hasi 80 hadi hasi 110 si tofauti ndogo ya 30: mtandao umedhoofika mara 1,000.

Tembea na simu kila mahali unapopigia. Simama sekunde 20 kila kituo ili namba itulie: kitandani, sebuleni, jikoni, dirishani, barazani. Andika. Mara nyingi utakuta hatua tano kuelekea dirishani zinakupa desibeli 10 au 15. Paa la bati na kuta za bati huzuia mawimbi vibaya, na duka la kontena huzuia zaidi. Lifti, ghorofa za chini ya ardhi na ndani ya basi lililojaa ni maeneo ya aina hiyo hiyo. Hapo simu itapatikana, mtaongea, na hakuna kitakachokuonyesha kwamba inajitutumua, isipokuwa betri inayokwisha haraka.

Ukishapata kona bora ya nyumba, ifanye ndiyo ya mazungumzo marefu. Kama kuna Wi-Fi ndani, simu ya WhatsApp kupitia Wi-Fi itakusaidia: kwenye gigahezi 2.4 kikomo cha kawaida ni wati 0.1, na ruta iko mita chache tu.

Hatua ya 3: Iondoe simu kwenye 2G

Simu ya 2G kwenye megahezi 900 hufika wati 2. Inarusha kwa zamu, sehemu moja ya nane ya muda, hivyo wastani wa juu ni wati 0.25. Vikomo vya 3G na 4G viko karibu na hapo, wati 0.2 hadi 0.25. Tofauti iko kwenye kujipunguza. Simu ya 3G hurekebisha nguvu yake mara 1,500 kwa sekunde na hushuka hadi sehemu ndogo sana ya wati mtandao ukiwa mzuri. Ya 2G hupungua taratibu na kwa ngazi, na kila inapohamia mnara mwingine huweza kupanda tena juu. Pale mtandao ulipo mzuri, simu ya 3G hutoa takriban sehemu moja ya mia ya nishati ya 2G.

Unaweza kuisikia tofauti hiyo kwa masikio yako. Weka simu ya 2G karibu na spika ya redio, upigiwe. Ile "tirr-tirr-tirr" inayotangulia mlio ni mipigo ya simu, 217 kwa sekunde, inayonaswa na nyaya za redio. Sasa isogeze simu polepole. Kabla hujafika mita moja au mbili kelele itakuwa imepotea. Hivyo ndivyo umbali unavyofanya kazi, na ni somo lisilogharimu kitu.

Kwenye simu janja fungua mipangilio ya mtandao wa simu, chagua aina ya mtandao, uweke 4G/3G/2G kwa kujichagulia, usiiache kwenye 2G pekee. Kisha washa kipengele cha VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G, kama kipo. Hiki husahaulika sana: bila VoLTE, simu yako hutumia 4G kwa intaneti lakini ukipiga simu ya kawaida hurudi 3G au 2G. Usizime 2G kabisa kama unasafiri vijijini, maana kuna maeneo yasiyo na kingine na utakosa simu za dharura.

Hatumwambii mwenye kiswaswadu akitupe. Atumie hatua inayofuata kwa bidii zaidi.

Hatua ya 4: Sikio

Weka spika, simu ikiwa mezani au mkononi sentimita 30 kutoka usoni. Hakuna hatua nyingine inayopunguza mionzi ya kichwani kwa urahisi kama hii. Mahali penye watu, tumia spika za masikioni za waya. Za Bluetooth nazo hurusha, ila nyingi hutoa miliwati chache tu, huku simu ikiweza kufika miliwati 250. Lakini usivae za waya huku simu yenyewe umeibana kifuani: umeihamisha mionzi tu kutoka kichwani.

Kama lazima uweke sikioni, kuna mambo matatu. Subiri upande wa pili upokee kwanza, ndipo uisogeze, kwa sababu 2G huanza kuunganisha kwa nguvu kubwa. Ishike katikati ya ubavu, usiifunike chini kwa kiganja. Simu janja nyingi zina antena kuu kwenye ukingo wa chini, na kiganja kinachoifunika huifanya iongeze nguvu ili ivuke nyama ya mkono wako. Badilisha sikio kila dakika chache. Jumla haibadiliki, ila sehemu moja haipati zote.

Ujumbe wa sauti ni mwokozi mkubwa kwa wanaoongea sana. Unarekodi simu ikiwa mbele yako na inarusha kwa sekunde chache. Kuusikiliza sikioni hakuna tatizo, kwani umeshapakuliwa.

Hatua ya 5: Mfuko, sidiria na helmeti

Simu iliyotulia mfukoni hairushi mfululizo. Hujitambulisha kwa mnara mara moja moja, kila mara kwa muda mfupi. Shida ni simu inayofanya kazi mfukoni: unapakia video, au umewasha hotspot. Hotspot ni redio mbili zinazorusha kwa pamoja. Ikiwashwa, simu iende mezani au kwenye begi.

Kuhusu uzazi wa wanaume, mwaka 2023 ulitoka utafiti wa Uswisi kwa vijana 2,886. Waliosema wanatumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu pungufu kuliko waliotumia mara chache, lakini mahali pa kuiweka simu, suruali au kwingine, hapakuonyesha tofauti. Hilo halithibitishi kwamba mionzi ndiyo sababu. Mtu wa simu mara 20 ana maisha tofauti kwa mengi. Anayetafuta mtoto aitoe mfukoni, haimgharimu kitu, lakini asiache kwenda kupimwa kwa kudhani amepata jibu.

Kwenye sidiria, simu inakuwa imebanwa kwenye ngozi bila zile milimita 5 za kipimo, na jasho huongeza muwasho. Tafuta mkoba mdogo. Kwa dereva wa bodaboda anayeichomeka simu ndani ya helmeti, hali ni mbaya kwa kila upande: imegusa fuvu, inahama minara njiani, na akianguka ndiyo kitu kigumu kati ya kichwa na kinga yake. Atumie spika moja ya sikioni ya waya, akiwa amesimama pembeni.

Aliyewekewa betri ya moyo, kifaa kinachosaidia mapigo ya moyo, aiweke simu sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa, atumie sikio la upande wa pili, na asiibebe kwenye mfuko wa shati. Hapa tatizo si tishu, ni kifaa chenyewe. Sumaku zilizo nyuma ya baadhi ya simu mpya zinaweza kukibadilisha kikaingia katika hali ya sumaku, kikaacha kufanya kazi yake ya kawaida.

Watoto

Fuvu la mtoto ni jembamba na uboho wake una maji zaidi. Wataalamu wa Shirika la Utafiti wa Saratani, IARC, walieleza mwaka 2011 kwamba kwa simu ile ile, ubongo wa mtoto hupokea wastani mara 2 ya mtu mzima, na uboho wa fuvu mara 10. Kwa hiyo mtoto anayeongea na bibi aongee kwa spika. Katuni zipakue kwanza, kisha weka simu hali ya ndege ndipo umkabidhi. Hatua hiyo, Wi-Fi na Bluetooth zikiwa zimezimwa pia, hukata mionzi yote, na inaokoa bando.

Mnara, na fundi wa paa

Chukua antena ya wati 20 inayokusanya mawimbi upande mmoja mara 50. Mita 50 mbele yake utapata wati 0.03 kwa mita ya mraba. Kikomo cha umma kwa megahezi 900 ni 4.5, kwa hiyo uko chini ya asilimia 1. Chini ya mnara hupungua zaidi, kwa kuwa miale hupita juu ya vichwa. Lakini mita 3 mbele ya antena ile ile ni wati 9, mara mbili ya kikomo, na antena nyingi huwa na zaidi ya mtambo mmoja.

Anayehitaji tahadhari, basi, ni fundi wa bati, mpaka rangi au mfunga madishi anayepanda kwenye ghorofa lenye antena. Usisimame mbele ya yale mabamba marefu ya kijivu au meupe; pita nyuma yake. Kama kazi iko mbele yake, mwenye jengo aiombe kampuni ya simu ipunguze au izime kwa saa hizo. Wakazi wenye wasiwasi Tanzania waombe vipimo kwa Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC.

Saratani: ulipofika ushahidi

Mwaka 2011 IARC iliweka mawimbi haya kundi 2B, "huenda yakasababisha saratani". Maana yake ni ushahidi finyu usioweza kupuuzwa wala kuthibitishwa. Mwaka 2018 mpango wa Marekani wa utafiti wa sumu, NTP, ulipata uvimbe wa moyo kwa panya madume waliorushiwa mawimbi mwili mzima saa 9 kwa siku kwa miaka 2, hadi wati 6 kwa kilo, ambazo ni mara 75 ya kikomo cha umma. Panya hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakurushiwa.

Mwaka 2024 yalikuja mawili yenye uzito. Mapitio ya makala 63 yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka 10 na zaidi. Utafiti wa COSMOS, uliofuatilia zaidi ya watu 250,000 wa Ulaya, nao haukuona hatari ikiongezeka kwa walioongea saa nyingi. Kwa maoni yetu huo ndio ushahidi bora uliopo, na anayekuambia kwamba simu yako inakupa saratani anakutisha bila msingi. Hatua zilizo hapo juu ni za tahadhari ya bei nafuu.

Tahadhari ya bei ghali iache. Vibandiko vya "kuzuia mionzi" kama vingezuia kweli, simu isingeshika mtandao. Vikizuia nusu, simu huongeza nguvu. Vidani na bangili za "kukinga 5G" ni hatari zaidi: Desemba 2021 mamlaka ya mionzi ya Uholanzi ilitaja bidhaa 10 za aina hiyo zilizokuwa zikitoa mionzi ya kweli, ile inayoweza kung'oa elektroni kwenye atomu, siku nzima juu ya ngozi ya mvaaji. Ukikuta kidani cha madini "yenye nishati", kivue.

Sikio likipata moto

Wengi hudhani joto la shavuni ni mionzi. Jipime: weka simu hali ya ndege, cheza video iliyopakuliwa kwa dakika 15, kisha iguse. Joto unalolisikia limetoka kwenye betri, prosesa na skrini, bila mionzi yoyote. Ukiongea kwa simu sikioni, shavu lililofunikwa nalo hukosa hewa. Joto la mawimbi yenyewe kwenye ubongo ni takriban nyuzi 0.1, na hulisikii.

Lakini joto la betri halipaswi kudharauliwa. Usilale na simu inayochaji chini ya mto: haipati pa kupoa, na betri ya lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi. Iweke juu ya meza au sakafu, mita moja kutoka kitandani, hali ya ndege ikiwezekana. Mgongo wa simu ukiinuka au skrini ikianza kubanduka pembeni, betri imevimba. Usiichaji tena, usiitoboe, usiikandamize irudi. Izime, iweke mahali pasipo na nguo wala karatasi, na uipeleke kwa fundi ibadilishwe siku hiyo hiyo.